Ubao wa Kwanza: Habari za Masomo ya Watoto Wadogo katika Arua na Koboko

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wake Muhammad, pamoja na jamaa zake na masahaba zake.

Ama baada ya hayo, kila jamii inapokumbuka siku zake zilizopita huwataja masultani, askari mashujaa na wajenzi wa misikiti, na ni haki kuwataja. Lakini habari za Waislamu wa Arua na Koboko zina mlango mwingine usiosimuliwa sana, nao ni mlango wa chumba alimokaa mtoto wa miaka sita au saba akijifunza herufi zake za kwanza. Mengi yaliyoipata jamii hiyo, ya heri na ya hasara, yalianzia mlangoni hapo.

Uislamu uliingia pande hizo kwa njia ya Mto Naili. Emin Pasha, aliyekuwa liwali wa Ikweta tangu 1878, alihamia Wadelai mwaka 1885, baada ya vita vya Mahdi kuifunga njia ya Khartoum. Alipoondoka pamoja na Stanley mwaka 1889, askari wengi wa Kisudani walibaki nyuma, wao na wake zao na watoto wao. Mwaka 1891 Kapteni Lugard aliwachukua Salim Bey na wengi wa askari hao katika utumishi wake. Kutokana na hao, pamoja na watu wa makabila mbalimbali walioingia jeshini na kusilimu, ilikua jamii ya Wanubi. Nchi yenyewe ilipita mikono mingi. Kwanza ilikuwa chini ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji kwa jina la Lado. Akafa mwaka 1909, na mwaka wa pili yake ikarudi katika utawala wa Sudani. Mwaka 1914 ikatiwa katika Uganda, na Bwana Weatherhead, mkuu wa wilaya wa kwanza, akaweka boma Arua.

Bendera zilibadilika, lakini chuo hakikubadilika. Palipokuwa na msikiti, hata wa nyasi, palikuwa na mwalimu na watoto. Watu wa Sudani hukiita chuo hicho khalwa, na desturi zake nyingi zilitoka kwao. Watoto walikaa juu ya mikeka wakimzunguka mwalimu. Kila mmoja alishika ubao wake wa mti uliolainishwa, na kalamu ya tete, na wino uliotengenezwa kwa masizi na gundi ya mti. Mwalimu aliandika, mtoto akafuatisha na kukariri mpaka maneno yakamkaa moyoni. Hapo ndipo ubao ulipooshwa kwa maji na kuandikwa somo jipya. Kabla ya kulimiliki la kwanza, mtoto hakupewa la pili.

Herufi zilifundishwa kwa sauti moja, kama wimbo: alifu haina kitone, be, kimoja chini, te, viwili juu, the, vitatu juu. Baada ya herufi zikaja irabu, ba, bi, bu, mpaka ulimi ukalainika. Kisha mtoto alianza sura fupi za mwisho wa Kurani, Sura ya Nas kwanza, akipanda kidogo kidogo kuelekea zile ndefu.

Mwenye kuyatazama mafundisho hayo kwa insafu ataona hekima kubwa ndani yake. Kwanza, kila mtoto alikwenda kwa mwendo wake. Mwepesi hakumngojea mzito, wala mzito hakuburutwa. Pili, mkubwa alimfundisha mdogo, naye kwa kufundisha akajifunza mara ya pili. Tatu, jicho liliona, sikio likasikia, ulimi ukatamka na mkono ukaandika, vyote kwa wakati mmoja. Na vyuo vya ualimu vya siku hizi hufundisha mambo hayo hayo.

Lakini insafu hiyo hiyo yataka makosa nayo yatajwe. Mtoto aliweza kuhifadhi sura nyingi asijue maana ya neno moja. Hata mtoto wa Kinubi, ambaye lugha yake imetokana na Kiarabu, na nyumbani huhesabu wai, tinen, talata, hakuielewa lugha ya Kitabu. Mtoto wa Kilugbara au wa Kikakwa alikuwa mbali zaidi. Hesabu haikufundishwa ila kidogo, na fimbo mara nyingi ilitangulia maelezo.

Kosa hilo la fimbo wanavyuoni walilionya zamani sana. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliandika kwamba mtoto atokapo chuoni aachwe acheze mchezo mwema, kwani kumzuia kabisa kunaua moyo wake na kumfanya ayachukie masomo. Ibn Khaldun, aliyefariki mwaka 1406, alieleza kwamba ukali humfundisha mtoto uvivu, uongo na hila. Akaeleza pia kwamba watu wa Maghribi waliwafundisha watoto wao Kurani peke yake, na watu wa Andalusi wakachanganya pamoja nayo mashairi, lugha na mwandiko. Basi neno la kuunganisha masomo si bidaa iliyoletwa na Wazungu. Ni mazungumzo ya Waislamu wenyewe tangu karne nyingi.

Huku chuo kikiendelea hivyo, shule za namna nyingine zilifika. Wamisionari wa Africa Inland Mission walifika Arua mwaka 1918 wakakaa Mvara, na mapadri wa Kikatoliki wakajenga Ediofe. Tume ya Phelps-Stokes ilipita Uganda mwaka 1924, na mwaka 1925 Serikali ikaanzisha Idara ya Elimu. Hata hivyo kazi ya kufundisha iliachwa kwa sehemu kubwa mikononi mwa misioni, Serikali ikitoa ruzuku. Kwa hiyo aliyetaka kusoma hesabu na Kiingereza alipita katika mlango wa kanisa, na vitabu vya kwanza vya kusomea mara nyingi vilikuwa vitabu vya dini ya Kikristo.

Mzazi wa Kiislamu alisimama hapo na mwanawe mkononi. Akimwingiza, aliogopa kumpoteza katika dini. Akimzuia, alimpoteza katika dunia. Wengi walimzuia. Si kwamba walikuwa wajinga au wavivu. Walichagua walichokiona kuwa hasara ndogo. Lakini hasara hiyo haikuwa ndogo. Vijana waliingia jeshini, wakashika cherehani, usukani, kisu cha bucha na mzani wa duka. Kazi hizo zote ni za halali na za heshima, lakini kalamu ya ofisi ikabaki kwa wengine. Wasichana walipata hasara mara mbili, kwani wengi wao walibaki nyumbani na ususi wa mikeka na vikapu. Mwenyezi Mungu aliyafanya maneno ya kwanza ya wahyi kuwa amri ya kusoma, wala hakuitofautisha amri hiyo kwa mwanamume na mwanamke.

Dawa ilianza kupatikana mwaka 1944, kilipoundwa Chama cha Elimu cha Waislamu wa Uganda, kijulikanacho kwa herufi za UMEA, chini ya jitihada za Mwanamfalme Badru Kakungulu na wenzake. Nia yake ilikuwa nyepesi kutamka na nzito kutimiza: Kurani na hesabu zikae chini ya paa moja, ili mzazi asilazimike tena kuchagua. Baada ya Uhuru wa 1962 Serikali ilichukua uongozi wa shule za madhehebu, na mlango wa darasa ukawa mpana kwa watoto wa dini zote.

Kisha yakaja majaribu. Katika utawala wa Idi Amin, tangu 1971 hata 1979, Waislamu wa pande hizo walipata vyeo vingi, na mwaka 1972 likaundwa Baraza Kuu la Waislamu wa Uganda. Lakini cheo kisichojengwa juu ya elimu ni kama nyumba juu ya mchanga. Utawala huo ulipoanguka, kisasi kiliwaangukia wenye hatia na wasio na hatia. Tangu 1980 watu kwa maelfu, Waislamu na Wakristo, walikimbilia Sudani na Zaire, na madarasa ya Arua na Koboko yakabaki matupu. Chuo, kwa kuwa hakihitaji zaidi ya kivuli cha mti, mwalimu na ubao, kiliweza kuhama pamoja na watu.

Waliporejea, nchi ilijengwa upya. Koboko ikawa wilaya mwaka 2005, na Arua ikawa jiji mwaka 2020. Mwaka 1997 Serikali ilianzisha elimu ya msingi bila ada, na wanafunzi wa nchi nzima wakaongezeka kutoka kama milioni 3 hata kupita milioni 5. Neema hiyo ilikuja na uzito wake, kwani mwalimu mmoja alijikuta mbele ya watoto wengi kupita kiasi. Mwaka 2007 ukaja mtaala mpya, unaotaka madarasa matatu ya kwanza yafundishwe kwa lugha ya mahali, kama Kilugbara huko Arua na Kikakwa huko Koboko. Mtoto huhesabu kwa vijiti, mbegu na vizibo vya chupa, huimba, husimulia hadithi, na huandika jina la kitu anachokijua.

Hapo ndipo chuo na shule vinapoweza kupeana mkono. Mwalimu akiwapa watoto kokoto, wakapanga mbili kwa Alfajiri, nne kwa Adhuhuri, nne kwa Alasiri, tatu kwa Magharibi na nne kwa Isha, kisha wakazihesabu zote, watapata 17. Katika somo moja wamejifunza kujumlisha na wamezijua rakaa za faradhi. Na darasa likiwa na watoto wengi, desturi ya chuo ya mkubwa kumfundisha mdogo ni msaada usiohitaji fedha. Nacho chuo kina la kuchukua shuleni: kumweleza mtoto maana, kwa lugha aliyonyonya kwa mama yake, na kuiweka fimbo chini.

Wazee waliomshika mtoto mkono mlangoni walitakiwa kuchagua kati ya mbao mbili, nao wakalipa kwa vizazi. Wazazi wa leo hawakutakiwa kuchagua. Atakayemnyima mwanawe, wa kiume au wa kike, ubao mmoja kati ya hizo mbili, hana tena udhuru waliokuwa nao wazee wale.

Mwenyezi Mungu awarehemu walimu waliotangulia, awape subira walio darasani, na awajaalie watoto wa Arua na Koboko elimu yenye manufaa. Amin.