PIKIPIKI KUBWA HAIFUNDISHWI KWA SPIDI: ISOME HISTORIA KABLA HUJAWASHA

Siku hizi ukiperuzi Insta haipiti wiki hujakutana na staa kakalia lipikipiki la cc 1000, miwani usoni, raba kali, kichwa wazi. Jina kapuni, maana wapo wengi. Kwenye komenti ni moto na makopakopa tu. Hakuna anayeuliza: huyu kafundishwa na nani? Swali hilo lina historia ndefu, na kurasa zake nyingi ziliandikwa baada ya mazishi. Twende nayo taratibu.

Mwaka 1885 kule Ujerumani, Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach waliunda pikipiki ya mbao yenye injini ya nusu nguvu ya farasi. Ilikuwa na vigurudumu viwili vya pembeni ili isianguke, na mwendo wake ulikuwa kama kilomita 11 kwa saa. Kwa mwendo huo mwalimu wa nini? Shida ni kwamba injini zilikua haraka, lakini mafunzo hayakukua nazo.

Miaka 50 baadaye, tarehe 13 Mei 1935, T. E. Lawrence, yule mwanajeshi na mwandishi anayejulikana kama Lawrence wa Arabuni, alikuwa Dorset, Uingereza, juu ya Brough Superior SS100, mashine ya karibu cc 1000. Akakwepa vijana wawili wa baiskeli, akarushwa. Hakuvaa helmeti. Alifariki siku sita baadaye akiwa na miaka 46. Na jamaa hakuwa mgeni wa pikipiki, alishamiliki Brough kadhaa! Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "mimi mzoefu, helmeti ya nini", mkumbushe huyu.

Mmoja wa madaktari waliomhudumia alikuwa Hugh Cairns, bingwa wa upasuaji wa ubongo. Baadaye akafuatilia majeraha ya kichwa ya wapanda pikipiki wa jeshi, na mwaka 1941 akachapisha utafiti ulioonyesha faida ya helmeti. Mwaka huohuo jeshi la Uingereza likawalazimisha wapeleka ujumbe wake wa pikipiki kuvaa. Raia wa kawaida sasa? Sheria yao ilikuja 1973. Hesabu mwenyewe hiyo miaka.

Kichwa kikapata kinga, mikono bado. Mwaka 1969 Honda walitoa CB750: silinda nne, breki ya diski mbele, uzito zaidi ya kilo 200. Ghafla mtu wa kawaida akaweza kununua mnyama ambaye hajui kumtuliza. Mwaka 1981, Harry Hurt wa Chuo Kikuu cha Southern California alitoa ripoti ya ajali 900 alizochunguza na timu yake Los Angeles. Asilimia 92 ya waliopata ajali walijifundisha wenyewe au walifundishwa na ndugu na marafiki. Kwenye hatari, mara nyingi dereva alikuwa na chini ya sekunde mbili za kujiokoa. Wengi wakakanyaga breki ya nyuma mpaka tairi likaserereka, huku ya mbele wakiibana kidogo tu. Wakati ukifunga breki uzito mwingi unaenda mbele, na breki ya mbele ndiyo inayokusimamisha! Unaibana kwa kuongeza taratibu, siyo kuishtua.

Wajapani wao walikaza kamba. Tangu 1975, anayetaka kuendesha zaidi ya cc 400 lazima apate leseni ya pekee, na mtihani wake ulisifika kwa kufelisha watu. Mwaka 1996 shule za udereva zikaruhusiwa kuifundisha. Unajua wanaanza na nini? Pikipiki inalazwa chini, unaambiwa inua. Unachuchumaa, unaisogeza karibu na mwili, unasukuma kwa miguu badala ya mgongo.

Halafu kuna ubao. Urefu mita 15, upana sentimita 30, kimo sentimita 5. Unapita juu yake, na kwa leseni ya pikipiki kubwa hutakiwi kumaliza chini ya sekunde 10. Yaani mwendo wa mtu anayetembea! Klachi unaiachia nusu, mafuta kidogo, mguu unagusa breki ya nyuma, macho yanatazama mbele kabisa, siyo tairi. Ukiwahi kufika unakatwa alama.

Hapo ndipo penye siri, wadau. Kwenye lami iliyonyooka hata asiyejua anaonekana anajua. Lizito linamuumbua mtu kwenye foleni, kwenye kona ya kugeuza, kwenye kokoto za mtaani. Na kwetu wengi tumejulia kwenye boda ya cc 125, kilo mia na kidogo, ambayo ikiyumba unaweka mguu chini na maisha yanaendelea. Hii ya kilo 200 ikishalala, mguu wako hauizuii, unavunjika nao.

Kwa hiyo ukipata hela ya kununua dude, tenga kabisa ya mwalimu na ya helmeti. Tafuta uwanja mtupu, piga nane za polepole na breki za ghafla mpaka mikono izoee. Picha za Insta zitakukuta tu.

Haya, wewe pikipiki ulifundishwa na nani? Tiririka hapo chini.