Tiba shufaa Kibaha na Kisarawe: ugonjwa ukishindikana, maumivu bado yana dawa

"Mrudisheni tu nyumbani." Familia nyingi hukutana na kauli hii baada ya miezi ya kuhangaika na ndugu mwenye saratani au ugonjwa mwingine mkubwa. Wengi huielewa kwamba hakuna tena la kufanya. Sivyo. Ugonjwa unaweza kuwa umeshindikana, lakini maumivu, kichefuchefu, vidonda na kukosa usingizi vinatibika. Huduma hiyo inaitwa tiba shufaa. Hapa tunaeleza ni nini, wakazi wa Kibaha na Kisarawe waitafute vipi, na familia ifanye nini nyumbani.

Tiba shufaa ni nini?

Ni huduma ya kumpunguzia mateso mtu mwenye ugonjwa unaotishia maisha, na kuisaidia familia inayomuuguza. Inahusu mwili, mawazo, imani na mambo ya nyumbani kwake. Si ya walio kufani peke yao. Mgonjwa wa saratani anaweza kuanza kuipata tangu siku anapogundulika, huku akiendelea na matibabu mengine. Wenye VVU waliozidiwa, wenye moyo au figo zilizoshindwa, waliopata kiharusi na wenye selimundu nao wanahusika, watoto wakiwemo.

Kwa ukanda wetu, kituo kikuu ni Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, iliyopata hadhi ya taasisi mwaka 1996 katika hospitali iliyojengwa na Wajerumani miaka ya 1890. Hospitali ya Selian, Arusha, na Teule, Muheza, zinajulikana kwa wahudumu wanaowafuata wagonjwa nyumbani. Kwa hiyo usikiapo neno hospisi, usifikirie jengo tu. Mara nyingi ni muuguzi anayepiga hodi mlangoni.

Mofini: dawa inayoogopwa bure

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 1986 ngazi tatu za kutibu maumivu ya saratani. Maumivu madogo hutulizwa kwa dawa kama Panadol au diklofenaki. Yakizidi, huongezwa dawa ya kati. Yakiwa makali, hutumika mofini, ambayo mara nyingi ni ya maji na hunywewa mdomoni.

Hofu kubwa ni tatu:

- Je, inaua? Ikitolewa kwa kipimo cha daktari, hapana.
- Je, italevya na kumfanya awe teja? Mgonjwa anayeinywa kwa ajili ya maumivu, kwa maelekezo, ni nadra kufika huko. Usingizi wa siku mbili tatu za mwanzo ni kawaida. Akiwa haamshiki au anapumua kwa shida, usimpe tena. Wasiliana na kituo cha afya mara moja.
- Je, ikianza ndiyo mwisho? Hapana. Wengine huitumia miezi mingi.

Mofini ya maji hunywewa kila baada ya masaa manne, bila kusubiri maumivu yarudi. Kwa mfano: saa 12 asubuhi, saa 4 asubuhi, saa 8 mchana, saa 12 jioni na saa 4 usiku. Weka kengele kwenye simu. Dawa hii hufunga choo, hivyo mwombe daktari dawa ya kulainisha choo siku hiyohiyo. Ifungie mbali na watoto, na ikibaki irudishwe hospitali.

Njia ya kuifikia huduma

Mtu wa Magindu au Kwala huanzia zahanati, na rufaa humfikisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Tumbi, Kibaha. Wa Vikumburu au Mafizi huelekea Hospitali ya Wilaya ya Kisarawe. Kutoka huko anaweza kupelekwa Ocean Road. Safari hiyo ni ndefu kwa mtu mwenye maumivu, na masika huizidisha ugumu. Kwa hiyo, kabla hamjatoka hospitali:

1. Taja neno tiba shufaa, na uliza nani anaishughulikia pale.
2. Omba maelezo ya ugonjwa na dawa kwa maandishi.
3. Omba namba ya simu ya muuguzi au duka la dawa la hospitali, mpige kabla ya kusafiri kuulizia dawa.
4. Uliza kama ndugu anaweza kuja na kadi kuchukua dawa, mgonjwa akabaki nyumbani.
5. Mjulishe mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa kijiji chenu.

Namba 199 ya Wizara ya Afya hupigwa bure kwa ushauri.

Nyumbani

Asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya masaa mawili ili asipate vidonda vya kulala. Kinywa kisafishwe kwa maji yenye chumvi kidogo. Kidonda chenye harufu kioshwe kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa na kupoa. Muulizeni daktari kuhusu dawa ya kupunguza harufu.

Siku za mwisho hamu ya kula huisha. Msimlazimishe, mloweshe midomo. Dawa ya maumivu isikatwe bila daktari kusema. Mwulizeni mapema anataka kulala wapi, amwone nani, shehe au mchungaji aitwe lini, na shamba au madeni yakoje. Anayeuguza naye apokelewe zamu alale.

La kudai kijijini

Uganda nayo ina madaktari wachache na vijiji vingi. Tangu mwaka 2004 imeruhusu wauguzi na maafisa tabibu waliosomea tiba shufaa kuandika mofini, na hapo dawa ikasogea karibu na wagonjwa. Kwetu, pa kuanzia ni mkutano wa kijiji na kamati ya afya ya zahanati. Ulizeni: je, kuna mhudumu aliyefunzwa tiba shufaa? Je, kituo cha afya cha karibu kinaweza kutoa mofini, au lazima twende mjini? Swali hilo likiingia kwenye muhtasari wa kikao, kuna wa kulijibu.