FAHAMU: Watu Wasio na Majina Walioifanya Bangi Ikubali Kukaa Ulaya

Ukimuuliza mtu yeyote wa kitaa bangi inatoka wapi, atakutajia Jamaica, atakutajia Malawi, na akishusha sauti kidogo atakutajia Tarime. Uholanzi hawezi kuitaja, na Canada ndiyo kabisa. Kumbe leo hii huko Canada kuna watu wanavuna bangi nyuma ya nyumba zao, sehemu ambazo mwezi wa kumi tu barafu ya alfajiri imeshaanza kuunguza majani.

Canada iliihalalisha tarehe 17 Oktoba 2018, na sheria yao ya taifa inaruhusu miche 4 kwa kila kaya. Ujerumani ikafuata tarehe 1 Aprili 2024, miche 3 kwa mtu mzima. Huku kwetu, Tanzania na Kenya, bado ni kesi nzito, kwa hiyo usije ukasema uliambiwa ulime.

Swali ni moja: mmea wa nchi za jua ulifikaje kwenye baridi ile? Jibu lina watu wengi ndani yake, na karibu wote hakuna anayejua majina yao.

TATIZO HALIKUWA BARIDI PEKE YAKE

Kwanza tuweke sawa. Bangi haikuwa ngeni kaskazini. Ndugu yake asiyelewesha, yule wa kutengenezea kamba, alilimwa Urusi kwa karne nyingi. Karne ya 18 meli za kivita za Uingereza zilikuwa zinafungwa kwa kamba za nyuzi hizo kutoka Urusi. Kwa hiyo mmea wenyewe baridi unaijua.

Kilichowashinda watu ni saa. Ndiyo, saa.

Mwaka 1920, watafiti wawili wa Idara ya Kilimo ya Marekani walitoa ripoti kuhusu tumbaku moja iliyokuwa imewachanganya akili. Majira yote ya joto ilikuwa inarefuka tu bila kutoa ua, lakini ikiwekwa kwenye kitalu nyumba wakati wa baridi, inachanua. Wakajaribu kubadilisha joto, wakabadilisha lishe, wapi! Mwisho wakaanza kuifungia gizani kila siku kabla jua halijazama. Ikachanua. Kumbe mmea unahesabu urefu wa mchana na usiku, na usiku ukiwa mrefu wa kutosha ndipo unatoa maua.

Bangi nyingi iko kundi hilohilo. Sasa piga hesabu. Dar es Salaam mchana ni kama saa 12 mwaka mzima, tofauti haifiki hata saa moja. Amsterdam mwezi Juni mchana unakaribia saa 17. Mbegu ya ikweta ukiipanda kule inajua muda bado upo, inarefuka tu kama mti wa mwembe. Usiku unaanza kurefuka vya kutosha mwishoni mwa Agosti au Septemba, halafu yenyewe inataka wiki 12 au zaidi kukomaza maua. Yaani uvune Desemba, kwenye barafu! Washkaji wengi walijaribu mbegu za Colombia na Thailand, wakaishia kuvuna majani tu.

MBEGU ZA MFUKONI

Miaka ya 60 na 70, vijana wa Ulaya na Marekani walikuwa wanasafiri kwa mabasi na malori kutoka Istanbul, wanapita Iran na Afghanistan, mpaka India na Nepal. Afghanistan wakakuta bangi ya ajabu: fupi, majani mapana, inakomaza maua kwa wiki 8 hivi. Haikuwa muujiza. Milima ya kule iko mbali na ikweta na baridi yake inawahi, na wakulima walikuwa wanachagua mbegu zinazowahi kizazi baada ya kizazi.

Vijana wakarudi makwao na mbegu mfukoni. Nani alibeba zipi? Hakuna orodha, maana ilikuwa kosa na hakuna aliyetaka jina lake liandikwe popote. Mwaka 1979 Iran ikapinduka, Desemba yake jeshi la Kisovieti likaingia Afghanistan, na njia ikafa. Zilizokuwa zimeshatoka ndizo hizo.

Lakini nazo zikaja na tatizo lake. Maua ya Kiafghani yanashikana kama ngumi, na kwao hewa ni kavu. Yapeleke Uholanzi kwenye mvua za vuli, ukungu wa kijivu unaanzia ndani kabisa ya ua. Nje linang'aa, ukilipasua limeoza.

Hapo ndipo Afrika ikaingia. Kusini mwa bara letu kulikuwa na aina iliyokuja kujulikana duniani kama Durban Poison. Durban iko karibu nyuzi 30 kusini ya ikweta, mchana wake unabadilika vya kutosha, na dagga ya huko huwahi kukomaa kuliko ndugu zake wa ikweta. Tena maua yake hayajabanana, upepo unapita. Wazalishaji wakachanganya kasi ya Kabul na hewa ya Durban, na mbegu nyingi zikaanza kuuzwa na neno "Early" kwenye jina. Mtu wa kaskazini alikuwa anatafuta kitu kimoja tu: mmea unaomaliza kazi kabla mvua na barafu havijaumaliza wenyewe.

GUGU LILILOCHEKWA

Mwaka 1924 mtaalamu wa mimea wa Urusi alieleza kuhusu bangi ndogo inayoota yenyewe kama gugu, pembeni za njia, upande wa mto Volga. Ikaitwa Cannabis ruderalis. Fupi, matawi machache, kilevi karibu hakuna. Aliyewahi kuivuta hakurudia.

Ila ilikuwa na siri moja: haisubiri usiku urefuke. Ikifikisha wiki chache za umri, inachanua tu, mchana uwe mrefu uwe mfupi. Majira ya joto ya kwao ni mafupi, haina muda wa kupoteza.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, mzalishaji mmoja wa Canada anayejulikana kwa jina la utani tu aliingiza sokoni mbegu inaitwa Lowryder, yenye damu ya gugu hilo. Mmea wa magotini, kutoka mbegu mpaka mavuno ni kama miezi miwili. Watu wakaicheka kwa udogo. Wengine wakaichukua, wakaichanganya tena na tena na zile kali, na leo mkulima wa kaskazini akifungua orodha ya mbegu swali lake la kwanza ni hili: hii inahesabu mchana au inahesabu umri?

NANI ALILIPWA?

Sasa mbegu zinauzwa kwenye pakiti nzuri zenye nembo. Mzee wa Afghanistan aliyechagua mbegu miaka yote, na wakulima wa Afrika Kusini waliokuwa wanakamatwa kwa mmea huohuo, hawamo kwenye pakiti wala kwenye mgao.

Na kuna kichekesho. Mbegu hizo za kaskazini ukizirudisha ikweta, nyingi zinakuta usiku wa saa 12, zinadhani vuli imefika na kuchanua zikiwa bado watoto. Kwa huku, mbegu inayojua kukaa na jua letu ni ile iliyochaguliwa na wakulima wa hukuhuku, ambao nao hakuna aliyewahi kuandika majina yao.

Siku sheria zikibadilika Afrika nzima, nani atakuwa mwenye mbegu: aliyeitunza au aliyeisajili? Dondosha maoni yako hapo chini.