Shule: Neno la Mjerumani Lililovuka Mpaka

Alfajiri ya Matasia, kati ya Ngong na Kiserian, ina baridi ya kuuma. Mabasi ya njano yanapishana na bodaboda zilizopakia watoto, sweta zimevutwa hadi kidevuni. Kibao cha langoni kimeandikwa kwa Kiingereza, lakini mama anayemhimiza mwanawe hakifuati. Anamwambia, "Harakisha, utachelewa shule."

Neno shule ni la Mjerumani, na Mjerumani hakuwahi kuitawala Matasia. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana mpaka kutoka mto Umba, kupitia kaskazini ya Kilimanjaro, hadi Ziwa Victoria. Nchi ya Wamaasai ikakatwa vipande viwili: Kajiado ikaangukia kwa Mwingereza, Longido kwa Mjerumani.

Upande wa kusini, Wajerumani walihitaji makarani, na maakida wa kuwasimamia wanavijiji. Katika miaka ya 1890 wakafungua shule ya serikali Tanga, na masomo yakafundishwa kwa Kiswahili. Jina la mahali pale, Schule, halikuhitaji kushonwa upya. Sauti ya kwanza tunayo katika shamba na shoka, na mwisho wake tayari ni irabu.

Huko kwao, kwa wasemaji wa Kijerumani, neno lenyewe halikutulia. Katika lahaja za kaskazini ni School, kwa Waswisi ni Schuel, na Wabavaria huimeza ile l wakasema Schui. Katika Kiyidi, lugha ya Wayahudi iliyochipuka kutoka Kijerumani, shul ni sinagogi, nyumba ya kusalia na kusomea. Wote walilitoa kwa Walatini, nao Walatini kwa Wagiriki, ambao kwao lilimaanisha wasaa, muda usio na kazi. Mtoto aliyepelekwa kuchunga ng'ombe hana wasaa huo, kwa hiyo maana ile ya kale naiona ni ya kweli hata leo.

Hatukuwa mabubu kabla ya Mjerumani. Pwani walikuwa na chuo, mahali mtoto alipofunzwa Kurani, na katika Kiswahili cha kale chuo kilikuwa pia kitabu chenyewe. Ninasikitika kwamba neno pana kiasi hicho lilisukumwa pembeni, likabakizwa kwa masomo ya juu na ya kazi. Vijana wanaosema Sheng, lugha ya mitaani, wamelirudisha bila kuombwa: kwao shule ni chuo, au skonga. Naye mzee wa Kimaasai husema esukuul, neno alilolipata kwa Mwingereza.

Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Unguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu. Hata hivyo, neno la Tanga ndilo lililoenea bara hadi Matasia. Unguja kwenyewe, mtoto hadi leo anakwenda skuli.