Tanzanaiti: kito cha zambarau kinachoponzwa na mvuke wa sonara

MKOA wa Mara unafahamika kwa dhahabu, kuanzia Buhemba wilayani Butiama hadi Nyamongo wilayani Tarime. Hata hivyo, mkazi wa Musoma, Bunda au Butiama mwenye pete ya kito cha zambarau kinachogeuka buluu kikizungushwa kwenye mwanga, huenda amevaa jiwe ambalo halichimbwi Mara wala popote nje ya Tanzania.

Jiwe hilo ni tanzanaiti, linalopatikana Mererani, wilayani Simanjiro, mkoani Manyara. Kitaalamu ni aina ya zoisaiti, na rangi yake hutokana na chembechembe za madini ya vanadi.

Liligunduliwa mwaka 1967, mwaka uleule wa Azimio la Arusha. Serikali humtambua Jumanne Ngoma kuwa mgunduzi, ingawa masimulizi mengine humtaja Ali Juuyawatu, Mmasai, na Manuel de Souza, fundi cherehani wa Arusha. Mwaka 1968 kampuni ya Tiffany & Co. ya New York ililipa jina la nchi yetu. Mwaka 1971 Serikali ya Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, ilitaifisha migodi hiyo.

Ngoma alisubiri sana. Aprili 2018, Rais John Magufuli alipozindua ukuta wa takriban kilomita 24 kuzunguka machimbo ili kuzuia utoroshaji, alimzawadia Sh milioni 100. Mzee huyo alifariki dunia mwaka 2019.

Wafugaji husimulia kuwa radi iliwasha nyasi, na moto ulipozimika mawe ya kahawia yakaonekana ya buluu. Ni hekaya, lakini ina ukweli ndani yake: tanzanaiti nyingi hutoka ardhini zikiwa za kahawia, na huchomwa katika tanuri kwa nyuzi joto zinazokaribia 600 hadi rangi ya buluu na zambarau ijitokeze.

Thamani yake ilidhihirika Juni 2020, mchimbaji mdogo Saniniu Laizer alipoiuzia Serikali mawe mawili yenye zaidi ya kilo 14 kwa zaidi ya Sh bilioni 7.7.

Pamoja na thamani hiyo, jiwe hili ni laini. Katika kipimo cha Mohs, ambacho almasi hupata 10, tanzanaiti ina ugumu wa 6.5 hadi 7. Vumbi la kawaida huwa na chembe za kwarzi zenye ugumu wa 7, hivyo kulifuta likiwa kavu huweza kulikwaruza. Aidha, hupasuka kirahisi likigongwa au likipata joto la ghafla.

Mwenye kito hiki akisafishe kwa maji ya vuguvugu, sabuni laini na brashi nyororo, kisha akikaushe kwa kitambaa safi. Asikubali sonara akitie katika mashine ya mvuke au ya mitetemo, na pete ikihitaji kulehemiwa, jiwe litolewe kwanza. Pete ivuliwe kabla ya kufua, kulima au kushika dawa za usafi, na ihifadhiwe peke yake ndani ya kitambaa.

Mnunuzi naye asihadaike na rangi. Amethisti, ambayo ni aina ya kwarzi, nayo ni ya zambarau, lakini haina mgeuko huo wa wazi wa kwenda buluu, na bei yake ni ndogo zaidi. Kioo cha rangi nacho huuzwa kwa jina la tanzanaiti. Ni vyema kudai risiti inayotaja aina na uzito wa jiwe, na kulipeleka kwa mtaalamu wa vito kabla ya kulipa fedha nyingi.