Wakili na Ofisi Yake: Mawakili Waafrika wa Johannesburg, 1910–1960

0. Utangulizi

Katika historia ya ukombozi wa Afrika, mawakili hutajwa mara nyingi kama watu wa hotuba, wa mikutano na wa kesi kubwa. Ni nadra kuulizwa walijipatiaje riziki, walipanga wapi, na nani aliyewalipa. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba maswali hayo si madogo. Wakili Mwafrika wa Johannesburg alikuwa, kabla ya yote, mtu aliyejiajiri mwenyewe: mwenye chumba cha kukodi, mhazili, daftari la hesabu na wateja wanaongoja mlangoni. Uhuru wake wa kusema ulisimama juu ya uhuru wake wa kujilisha. Wapinzani wake walilijua jambo hilo. Kwa hiyo, walipotaka kumnyamazisha, mara nyingi walianzia ofisini mwake.

Inafaa kwanza kulieleza neno lenyewe. «Wakili» ni neno lenye asili ya Kiarabu, na maana yake ni mtu aliyekabidhiwa shughuli ya mwingine. Katika Kiswahili cha miji ya Kongo husikika pia «avoka», kutoka Kifaransa. Lakini sheria ya Afrika ya Kusini, ikifuata desturi ya Uingereza, iliigawa kazi hiyo mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la wale waliopokea wateja, kutunza fedha zao, kuandika hati na kusema katika mahakama za chini. Fungu la pili ni la wale waliosema mbele ya majaji wa mahakama kuu, nao walipewa kesi na wale wa kwanza. Hapa tunazungumzia hasa fungu la kwanza, kwani hao ndio waliowajibika kufungua ofisi na kuitunza.

1. Waanzilishi

Mlango haukufunguliwa kwa hiari. Huko Natal, mwaka 1894, chama cha mawakili kilipinga kuandikishwa kwa Mohandas Gandhi, lakini mahakama ikamkubali; mwaka 1903 alifungua ofisi Johannesburg. Hali kama hiyo ilimpata Alfred Mangena, aliyesomea sheria London. Alipoomba kuandikishwa Transvaal mwaka 1910, Chama cha Mawakili kilimpinga, naye akashinda mahakamani.

Muda si mrefu akafuata Pixley ka Isaka Seme, aliyehitimu katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, mwaka 1906, kisha akasoma Oxford na kupata uwakili London. Seme ndiye aliyeitisha mkutano wa Bloemfontein wa tarehe 8 Januari 1912, uliozaa chama kilichokuja kuitwa ANC. Mawakili wenzake Mangena, Richard Msimang na George Montsioa walishiriki naye katika kazi hiyo.

Seme hakutosheka na ada za kesi. Mwaka huohuo wa 1912 aliunda kampuni ya wakulima Waafrika ya kununua mashamba, nayo ikanunua ardhi Daggakraal, mashariki mwa Transvaal. Alishiriki pia kuanzisha gazeti la Abantu-Batho, lililosaidiwa kwa fedha na Malkia Labotsibeni wa Swaziland. Kwa Seme, uwakili, biashara ya ardhi na siasa vilikuwa kazi moja. Lakini Sheria ya Ardhi ya 1913 iliwazuia Waafrika kununua mashamba nje ya maeneo waliyotengewa, yaliyokuwa kiasi cha asilimia 7 tu ya nchi. Shughuli aliyoijenga ilikatwa njia.

Maisha ya Seme yana upande mwingine, nao usifichwe. Mwaka 1932 jina lake lilifutwa katika orodha ya mawakili kufuatia malalamiko juu ya jinsi alivyoshughulikia kesi ya wateja wake, na hakurudishwa mpaka 1942. Ofisi inaweza kuuawa na serikali, lakini inaweza pia kudhoofishwa na mwenyewe asipotunza amana ya wateja. Baada ya kurudishwa, Seme alimpokea kijana Anton Lembede kama mwanagenzi, na mwaka 1946 akamfanya mbia wake. Lembede, rais wa kwanza wa Umoja wa Vijana wa ANC, alifariki mwaka 1947. Lakini miongoni mwa wenzake katika Umoja huo walikuwamo Oliver Tambo na Nelson Mandela.

2. Uanagenzi

Ili kuwa wakili wa fungu la kwanza, shahada peke yake haikutosha. Kijana alipaswa kufanya uanagenzi wa miaka kadhaa katika ofisi ya wakili aliyekwisha kuandikishwa, na kwa kawaida alidaiwa malipo ya kupokewa. Kwa Mwafrika, hicho ndicho kilikuwa kizuizi kikubwa: karibu ofisi zote zilikuwa za wazungu.

Mandela alifika Johannesburg mwaka 1941. Walter Sisulu, aliyekuwa na ofisi ndogo ya kushughulikia viwanja na nyumba za Waafrika, alimpeleka kwa Lazar Sidelsky, wakili Myahudi, ambaye alimpokea bila kumdai malipo hayo. Alimpa pia suti yake kuukuu, ambayo kijana aliivaa karibu kila siku kwa miaka kadhaa. Mara nyingi Mandela alikwenda kazini kwa miguu kutoka Alexandra ili kubana nauli ya basi. Hata katika ofisi hiyo yenye huruma vilinunuliwa vikombe vipya vya chai kwa ajili ya wafanyakazi wawili Waafrika.

Kabla na baada ya kuandikishwa mwaka 1952, Mandela alifanya kazi katika ofisi nyingine za wazungu. Humo aliona jambo lililomwelekeza: ofisi nyingi ziliwatoza Waafrika ada kubwa kuliko zile walizotozwa wazungu, ambao ndio waliokuwa na fedha. Kulikuwa na umati wa watu waliohitaji utetezi, na wachache mno waliokuwa tayari kuwatetea kwa bei ya haki. Hapo wajibu na riziki vilikutana.

3. Chancellor House

Mnamo Agosti 1952 Mandela alifungua ofisi yake mwenyewe. Baada ya muda mfupi aliungana na Tambo, na kibao cha shaba kikaandikwa «Mandela and Tambo». Ofisi ilikuwa katika jengo la Chancellor House, ng'ambo ya barabara kutoka mahakama ya mahakimu. Jengo hilo lilikuwa mali ya Wahindi, na lilikuwa mojawapo ya machache ambamo Mwafrika aliweza kupanga katikati ya mji.

Asubuhi wateja walijaa chumba cha kungojea, ngazi na ukumbi. Walikuwamo walioshtakiwa kwa kutokuwa na pasi, kwa kupita mlango wa wazungu, kwa kupanda basi lisilo lao, au kwa kuonekana njiani baada ya saa zilizoruhusiwa. Walikuwamo wanawake waliopika pombe ili kulisha watoto, na wakulima waliofukuzwa katika ardhi ya wazee wao. Mandela alikwenda zaidi mahakamani, ambako aliwahoji mashahidi bila woga. Tambo, mtu wa utulivu na kalamu, alibeba sehemu kubwa ya kazi za ofisini. Bila mgawanyo huo wa kazi, ofisi isingedumu hata mwaka mmoja.

4. Mashambulizi matatu

Shambulio la kwanza lilikuwa juu ya chumba. Sheria za maeneo ya mijini zilimtaka Mwafrika apate ruhusa ya waziri ili afanye shughuli zake katikati ya mji. Mandela na Tambo walipewa kibali cha muda tu, kilipomalizika, hakikuongezwa. Waliamriwa kuhamia eneo la Waafrika lililo mbali, ambako wateja wasingeweza kuwafikia wakati wa kazi. Walikataa, wakaendelea kufanya kazi pasipo kibali, wakitishiwa kufukuzwa siku yoyote.

La pili lilikuwa juu ya jina. Mwaka 1954 Chama cha Mawakili cha Transvaal kiliiomba mahakama kuu imfute Mandela, kwa kuwa alikuwa amehukumiwa kwa kushiriki Kampeni ya Ukaidi ya 1952. Walter Pollak, mmoja wa mawakili wakubwa wa Johannesburg, alimtetea bila malipo. Jaji Ramsbottom aliamua kwamba kosa lililotokana na imani ya kisiasa, lisilo na aibu wala udanganyifu ndani yake, halimwondolei mtu sifa ya kuwa wakili. Chama kikashindwa, kikaamriwa kulipa gharama za kesi.

La tatu lilikuwa juu ya mahali pa kukaa. Godfrey Pitje, mwanagenzi wa ofisi hiyo, alikataa kukaa kwenye meza iliyotengwa kwa mawakili Waafrika mahakamani. Alitiwa hatiani kwa kuidharau mahakama, na mwaka 1960 Mahakama ya Rufani iliithibitisha hukumu hiyo. Hivyo wakili aliyeruhusiwa kusema bado hakuruhusiwa kuchagua kiti.

5. Kufungwa kwa ofisi

Ofisi haikuuawa kwa pigo moja. Mnamo Desemba 1956 Mandela na Tambo walikamatwa pamoja na wenzao katika Kesi ya Uhaini. Tambo aliondolewa mashtaka baada ya muda, lakini kwa Mandela kesi iliendelea mpaka Machi 1961. Wakili anayekaa kizimbani mchana kutwa hawezi kuwatetea wengine; wateja wakapungua, na fedha pia. Tarehe 21 Machi 1960 polisi waliwaua watu 69 huko Sharpeville. Tambo alitumwa na ANC nje ya nchi, na ofisi ikafungwa. Mandela aliendelea kwa muda kupokea wateja katika nyumba ya kupanga ya rafiki yake Ahmed Kathrada, Kholvad House. Jengo la Chancellor House lilichakaa na kuungua, mpaka lilipokarabatiwa mwaka 2011.

6. Tamati

Ofisi ya Mandela na Tambo haikudumu hata miaka 10, wala haikuwatajirisha wenyewe. Hata hivyo historia yake inatufundisha kwamba uhuru wa wakili una misingi mitatu inayogusika: mahali pa kufanyia kazi, jina katika orodha, na fedha halali zinazotoka kwa wateja. Ukiondoa mmoja, ufasaha hausaidii kitu.

Kwa wanafunzi wetu wa sheria jambo hili si geni. Ordinansi-sheria namba 79-028 ya tarehe 28 Septemba 1979, iliyopanga uwakili katika nchi yetu, nayo inamtaka kijana afanye kwanza staji chini ya mkubwa wake, tena inamkataza wakili kuchanganya kazi yake na uchuuzi. Makatazo hayo yana maana, lakini yasitufanye tusahau kwamba kodi ya chumba hulipwa kila mwezi. Anayetaka kuwa sauti ya wasio na sauti na aanze kwa kujifunza kutunza daftari la ofisi yake. Seme alijenga mengi akaponyokwa hapo. Mandela na Tambo walishika hapo, na ilihitajika nguvu ya dola nzima kuwafungia mlango.