Mumia wa mwaka 1932 na makaburi ya Gicumbi

Mara hii historia yetu inaanzia kwenye muvi. Wengi mlikuwa mnaomba muvi ya kutisha, basi tumewachagulia ya zamani kabisa: The Mummy ya mwaka 1932. Siyo ile ya 1999 ya Brendan Fraser, yenye risasi na wadudu wanaokula watu, ambayo wengi wetu tuliiona kwa agasobanuye. (Kwa wageni wetu: agasobanuye ni muvi ya kigeni ambayo msimulizi anaizungumzia juu kwa Kinyarwanda, na mara nyingi msimulizi anachekesha kuliko muvi yenyewe.) Hii ya 1932 haina rangi, inachukua dakika 73, na yule mumia akiwa amefungwa vitambaa unamwona dakika chache tu mwanzoni. Tuliiangalia kwenye kompyuta moja, ndege za Kanombe zikipita juu ya paa na kumeza maneno. Wadogo walilalamika ati haitishi. Lakini baada ya muvi tulibishana mpaka giza likaingia, na huo ubishi ndio tunauleta hapa.

Kwanza hadithi yenyewe. Mwaka 1921 Waingereza wanachimba Misri, wanapata maiti ya mtu anayeitwa Imhotep, na pembeni yake sanduku lililoandikwa laana kwa atakayelifungua. Mzee mmoja mwenye kujua mambo hayo anawaonya. Kijana wa kazi hana subira, anafungua, anaanza kusoma ile hati kwa sauti ya chini. Maiti inafumbua macho. Humwoni akitembea, unaona mkono tu ukichukua hati, na kitambaa kikiburuzika kuelekea mlangoni, na yule kijana anabaki anacheka kicheko cha mtu aliyepoteza akili. Miaka kumi baadaye anatokea Mmisri mrefu, mkavu, mwenye adabu, anajiita Ardath Bey. Ndiye yeye. Anawaonyesha Waingereza mahali pa kuchimba kaburi la binti wa mfalme, Ankh-es-en-amon, mwanamke aliyempenda zamani na ambaye kwa kujaribu kumfufua yeye alizikwa akiwa hai. Anataka wamtoe ili amfufue tena, na kwa hilo yuko tayari kuua.

Boris Karloff ndiye Imhotep, yuleyule aliyecheza zimwi la Frankenstein mwaka mmoja kabla. Mwongozaji ni Karl Freund, ambaye kazi yake ya zamani ilikuwa kamera. Jangwa mnaloliona ni la California, hao waigizaji hawakupelekwa Misri.

Sasa, kuna mahali pawili tulisimamisha muvi.

Pa kwanza ni pale Ardath Bey anapowaeleza Waingereza kwa nini hachimbi mwenyewe. Anasema kwa upole kwamba Wamisri hawaruhusiwi kufukua wafu wao, ruhusa hiyo wanayo makumbusho ya kigeni. Hapo mmoja wetu akasema, «Ngoja, ngoja, rudisha nyuma.» Tukarudisha. Huyu ndiye mbaya wa muvi, na ndiye peke yake anayesema neno hilo. Muvi inaendelea kana kwamba hajasema kitu.

Pa pili ni pale kijana Frank anapomweleza Helen jinsi walivyomvua binti wa mfalme vitambaa vyake, na jinsi alivyopenda sura yake. Helen, ambaye mama yake ni Mmisri, anamuuliza kama ni lazima afungue makaburi ndipo apate wasichana wa kuwapenda. Watu wanacheka hapo. Ni swali zuri lakini. Na huyohuyo Frank analalamika kwamba vitu vyote walivyochimba vimebaki makumbusho ya Kairo, badala ya kwenda Uingereza.

Malalamiko hayo hayakutoka hewani. Aliyeandika muvi, John Balderston, alikuwa mwandishi wa gazeti, na miaka ya 1920 aliandika habari za kaburi la Tutankhamun. Kaburi hilo lilipatikana tarehe 4 Novemba 1922 na watu wa Howard Carter. Miezi michache kabla, mwezi wa pili mwaka huohuo, Uingereza ilikuwa imetangaza kwamba Misri ni nchi huru, hata kama askari wake hawakuondoka. Kwa hiyo serikali mpya ya Wamisri ikakataa vitu vya kaburi vigawanywe kama zamani. Wakagombana sana na Carter, hadi mwaka 1924 akafunga kaburi na kuacha kazi kwa muda. Mwishowe mali ikabaki Kairo. Hata lile jina la Ankh-es-en-amon ni la mke wa Tutankhamun mwenyewe.

Na laana? Bwana Carnarvon, aliyelipia uchimbaji, aliumwa na mbu shavuni, akajikata hapohapo akinyoa, kidonda kikaingia sumu, akafa Kairo tarehe 5 Aprili 1923. Magazeti yakashangilia: laana ya Farao! Carter mwenyewe, aliyefungua kila kitu kwa mikono yake, alikufa mwaka 1939. Laana gani inamsahau mkosaji mkuu miaka 17? Kilichotokea kwa maiti hakikuandikwa kwa herufi kubwa namna hiyo. Mwaka 1925 walipofungua jeneza, mwili wa Tutankhamun ulikuwa umegandishwa na mafuta na utomvu, basi wakaukata vipandevipande ili kuutoa. Kichwa peke yake, mikono peke yake, miguu peke yake. Alikuwa kijana kama sisi, hakufika hata miaka 20.

Na Imhotep wa kweli hakuzikwa hai kwa ajili ya mapenzi. Alikuwa mtu mkubwa wa mfalme Djoser, ndiye anayetajwa kuwa mjenzi wa ile piramidi ya ngazi kule Saqqara, na baadaye Wamisri walimheshimu kama mungu wa uponyaji. Mtu wa dawa, Hollywood ikamfanya muuaji.

Hapa mmoja wetu akauliza swali la haki: hayo ya Misri yanatuhusu nini sisi? Yanatuhusu kwa sababu Rwanda nayo ilikuwa na mumia wake.

Wafalme wa Rwanda walipokufa, miili yao ilikaushwa kwa moshi wa moto, ikafungwa kwenye ngozi ya ng'ombe. Mambo hayo yalifuata ubwiru, yaani kanuni za siri za ufalme ambazo watu maalumu, abiru, walizishika kichwani. Mfalme mmoja, Cyirima Rujugira, ambaye wanahistoria wengi wa sasa wanamweka karne ya 18, hakuzikwa kama wenzake. Mwili wake uliokaushwa ulibaki juu ya ardhi, kwenye nyumba, ukilindwa, zaidi ya karne nzima, kwa sababu ubwiru ulikuwa bado na kazi naye. Alizikwa mwanzoni mwa miaka ya 1930, wakati wa Wabelgiji. Ni miaka ileile Karloff alipokuwa anafungwa vitambaa California. Na ndiyo miaka ambayo mfalme Musinga aliondolewa na Wabelgiji, mwaka 1931, akapelekwa Kamembe, halafu Congo, akafia huko uhamishoni.

Rujugira hakukaa kaburini muda mrefu. Mwaka 1969 Mbelgiji mmoja, mchimbaji wa mambo ya kale aitwaye Francis Van Noten, alifukua kaburi lake. Alikuta mifupa na vitu vya chuma, nyundo za mhunzi zikiwemo, maana mfalme wa Rwanda na chuma ni vitu vya pamoja. Akafukua pia kaburi la mama mfalme Kanjogera, mama yake Musinga. Kanjogera alikufa mwaka 1933. Piga hesabu. Siyo miaka elfu tatu, ni miaka 36. Walikuwepo wazee waliomjua kwa sura.

Ubishi ulikuwa mkali hapo. Wenzetu wawili walisema bila uchimbaji ule tusingejua hayo ya chuma, na kwamba kitabu kilichotoka mwaka 1972 ni faida kwa Wanyarwanda wenyewe. Ni kweli, hata sisi tumeyajua kupitia kazi hiyo. Lakini mwaka 1969 ufalme ulikuwa umefutwa, mfalme Kigeli wa Tano yuko nje ya nchi, ni mkimbizi, na watu wengi wa ukoo wamekimbia. Nani angesema hapana? Tunaona ni rahisi sana kufukua wafu wa watu ambao hawapo.

Ndivyo ilivyokuwa pia wakati wa Wajerumani. Mwaka 1907 na 1908 msafara wa Duke wa Mecklenburg ulipita hapa, na mtaalamu wao, Jan Czekanowski, akakusanya mafuvu ya watu kwa mamia, yakaenda Berlin kupimwa. Mwaka 2023 taasisi inayoyatunza huko ilitoa matokeo ya utafiti juu ya mafuvu 1,135 ya Afrika Mashariki: 904 yalitoka maeneo ya Rwanda ya leo, 202 Tanzania, 22 Kenya. Wakasema wako tayari kuyarudisha. Hawa hawana hata jina la kwenye muvi. Wana namba.

Kigeli alipofariki Marekani mwezi wa kumi 2016, baada ya miaka zaidi ya 50 nje, watu wake waligombania mwili hadi mahakamani huko, wengine wakitaka abaki, wengine arudi. Alirudishwa, akazikwa Mwima, Nyanza, tarehe 15 Januari 2017. Tunamtaja kwa sababu alikuwa mfalme lakini kesi yake ni ya mkimbizi yeyote: atalala wapi?

Na sisi je? Makaburi mengi ya wafalme yako Rutare, wilaya ya Gicumbi. Wengi wetu katika kundi hili tumekulia wilaya hiyohiyo, kambi ya Gihembe, juu ya mji wa Byumba. Wazazi wetu walifika pale mwaka 1997 baada ya mauaji ya Mudende. Tulicheza mpira wilaya moja na wafalme waliokaushwa kwa moshi na hakuna aliyetuambia. Mwaka 2021 kambi ilifungwa kwa sababu ardhi ilikuwa inaporomoka, makorongo yakila nyumba. Watu wakahamishiwa Mahama, wengine tukabaki hapa mjini. Basi lilibeba magodoro, masufuria, kuku. Babu na bibi, watoto waliokufa wadogo, walibaki kule juu chini ya misalaba ya miti, na mti Gihembe hauvumilii mvua miaka mingi.

Baada ya muvi mama mmoja mwenye nyumba, ambaye hakusema neno jioni nzima, alituuliza kama kwenye zile simu zetu kuna picha ya kaburi la mumewe. Tulitafuta. Picha hatukuiona, lakini mmoja wetu alikumbuka mstari: la tatu kutoka njia, upande wa bonde. Tukaliandika.

Tangu siku hiyo tuna daftari. Limefika kurasa sita: jina, mwaka, mstari, nani aliyekuwepo siku ya mazishi. Wenzetu wanaojitolea Mahama wanapita kwa wazee Jumamosi kuuliza. Kama una mtu wako Gihembe, au una picha ya zamani ambayo makaburi yanaonekana nyuma hata kidogo, tuma kwenye kundi au mpe mmoja wetu. Ukikumbuka mti tu, andika mti.